Mbegu ni Mali ya Nani?

Liko swali moja ambalo kila mwenye bustani huulizwa, naye mara nyingi hulijibu bila kulifikiri. Jirani yake husimama ukingoni mwa tuta, huzitazama nyanya zilizoiva, huzisifu, kisha husema: "Nigawie mbegu." Neno lenyewe ni fupi, na kitu kinachoombwa ni kidogo, hakijazi hata kiganja. Lakini ndani ya ombi hilo limo swali kubwa. Je, mbegu hizo ni mali ya mwenye bustani kama jembe lake lilivyo mali yake, kwamba akikataa hana kosa? Au ni kitu alichowekewa tu, kwamba akikataa amemdhulumu mwenzake? Mwezi huu twataka kulitazama swali hili polepole, maana si swali la nyanya peke yake.

Tuweke mfano wa kuwaza. Mtu mmoja ana bustani ndogo Mbegani, kusini ya Bagamoyo, ukiisha kupita magofu ya Kaole, upande wa kwenye chuo cha uvuvi. Bustani yake haifiki nusu eka. Hapandi nyanya za dukani zenye ngozi ngumu, ambazo huvumilia kupakiwa katika matenga na kutikiswa njiani hata Dar es Salaam. Yeye hupanda nyanya za mbegu ya zamani, kubwa, zenye mikunjo, laini, nyingine nyekundu na nyingine za rangi ya manjano. Nyanya hizo haziwezi safari ndefu, lakini utamu wake hausahauliki. Kwa hiyo huziuza karibu: nyingine huzipanga kwa mafungu sokoni Bagamoyo, nyingine huwapelekea wenye nyumba za wageni, ambao humlipa bei nzuri kwa sababu hawazipati kwa mtu mwingine. Bei hiyo ndiyo karo ya watoto wake na bati la nyumba yake.

Wala asidhani mtu kwamba mali hiyo ameiokota. Pwani si mahali pepesi pa kulima nyanya. Usiku ukiwa na joto jingi maua hupukutika kabla ya kufanya tunda. Masika yakiwa makubwa, majani hushikwa na ukungu. Katika udongo wa mchanga wamo minyoo fundo wanaovimbisha mizizi, na uko ugonjwa wa mnyauko, ambao jioni huuacha mche umesimama, na baada ya siku chache umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Tena tangu mwaka 2014 amekuja katika nchi yetu yule mdudu ambaye wakulima wamemwita kantangaze, naye asili yake ni Amerika ya Kusini. Hutoboa jani na tunda pia. Katikati ya hayo yote mtu wetu amechagua mbegu kila mwaka. Mche uliozaa vizuri wakati wa joto huufunga kitambaa, na matunda yake hayauzi, ingawa ndiyo mazuri kupita yote. Huyaacha yaive sana, hukamua mbegu, huziacha siku mbili tatu katika maji yake hata ule utelezi uachane nazo, huziosha, huzianika kivulini, na kuzitia ndani ya chupa kavu. Amefanya hivyo miaka saba. Ndipo jirani anapokuja na kusema: "Nigawie."

Kabla ya kumhukumu, yafaa tujue tofauti ya mbegu na mbegu. Mbegu za chotara hupatikana kwa kuchanganya jamii mbili za nyanya. Uzao wa kwanza huwa na nguvu, tena hufanana. Lakini ukipanda mbegu zilizomo katika matunda yake, watoto watatofautiana, huyu hivi na huyu vile, na mkulima hana budi kurudi dukani. Nyanya za zamani sivyo zilivyo. Ua la nyanya kwa sehemu kubwa hujichavusha lenyewe, na kwa hiyo mbegu ya jamii iliyokwisha kutulia huzaa mtoto aliye mfano wa mama yake. Na tunda moja laweza kuwa na mbegu zaidi ya mia. Basi muuzaji wa nyanya ya namna hii huuza vitu viwili kwa bei moja: chakula cha leo na shamba la mwakani.

Hapo twaona jambo la kwanza. Mkulima akimnyima jirani mbegu, bado jirani aweza kwenda sokoni, kununua fungu moja, na kuzikamua mwenyewe. Hakuna ukuta uwezao kuizuia nyanya iliyoiva. Basi anachonyima mkulima hasa si mbegu. Ananyima msaada: ananyima kusema ni mche upi uliovumilia joto, na mbegu hukaushwaje, na hupandwa mwezi gani. Yaani ananyima ujuzi na wema, ambavyo akivitoa havipungui kwake.

Lakini tumtendee haki na huyu anayekataa, maana maneno yake si ya mpumbavu. Husema hivi: "Kazi ya miaka saba ni yangu. Wakati nilipokuwa nikichagua, jirani alikuwa amelala. Wenzetu walisema, mchumia juani hulia kivulini. Nikimpa leo, mwakani atasimama karibu nami sokoni na nyanya zilezile, na wenye nyumba za wageni watatupambanisha, bei itashuka, nami nitakosa karo. Je, ni haki mtu avune jasho la mwenzake?" Neno hili lina uzito. Mtu asiyeona uzito wake hajapata kutegemea bustani kwa chakula chake. Hatutalijibu kwa kusema kwamba bei haitashuka, maana huenda ikashuka kweli.

Tulijibu kwa kuuliza: Hiyo mbegu ya kwanza ilitoka wapi? Mkulima wa Mbegani alipewa na mtu, na mtu huyo alipewa na mwingine. Nyanya si mmea wa kwetu. Mizizi ya jamii yake iko magharibi ya Amerika ya Kusini. Watu wa Meksiko waliilima na kuikuza zamani sana kabla Wahispania hawajafika. Nao Wahispania waliichukua mpaka Ulaya katika karne ya 16. Kutoka huko imepita mikono mingi hata ikafika pwani yetu, ambako wengine huiita nyanya na wengine, kama ndugu zetu wa Unguja, huiita tungule. Waliokuza tunda dogo la porini likawa tunda la kujaza kiganja walifanya kazi ya mamia ya miaka, na hakuna ajuaye majina yao. Mtu wetu ameongeza miaka saba juu ya kazi hiyo. Miaka saba ni kazi ya heshima. Lakini atakayesema, "Mbegu hii ni yangu peke yangu," amehesabu miaka yake na kuisahau ya wengine.

Tena tukisimama ufukoni tukatazama ng'ambo, twaona jambo lingine. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi ilitaka karafuu iwe mali yao wao tu. Waliiruhusu ilimwe Ambon na visiwa vilivyo karibu, na mahali pengine waliamuru mikarafuu ikatwe, ili bei isishuke. Twasikia hapo sauti ya mkulima wetu, ila imekuwa kubwa na yenye panga mkononi. Hata hivyo haikufaa. Mwaka 1770 Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala katika kisiwa cha Morisi, alipata miche kwa siri, na kutoka pande hizo karafuu ilifika Unguja mwanzo wa karne ya 19. Unguja na Pemba zikawa mashuhuri duniani kwa karafuu. Na mkonge je? Watu husimulia kwamba Meksiko haikutaka miche yake itoke. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Basi sisi watu wa pwani tumekula sana vya wengine, vilivyotoka kwa kupewa na vilivyotoka kwa kuibiwa. Mtu aliyelelewa hivyo hufunga mlango kwa uso gani?

Lakini ngojeni kidogo, ndugu zangu. Mtu asichukue mfano wa karafuu na kusema, "Mnaona, mbegu ikiachiliwa huleta heri." Karafuu ilipofika Unguja ilihitaji mikono ya kuichuma, na mikono hiyo ilinunuliwa. Watu walichukuliwa kutoka bara, wengi wao wakapitishwa katika pwani hii yetu, wakavushwa bahari kwenda mashambani. Biashara ya kuwauza watu kwa njia ya bahari ilikatazwa Unguja kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa nguvu ya sheria huko mwaka 1897. Yaani mbegu ilikuwa imefunguliwa, na mtu alikuwa amefungwa. Kwa hiyo kutoa mbegu si haki yote. Mbegu iliyotolewa kwa wema yaweza kuzaa uonevu, kama anayeipokea anaitazama faida tu na hamtazami mwenzake. Twajifunza kwamba swali letu lina pande mbili: wajibu wa anayetoa, na wajibu wa anayepokea.

Sasa tupambanue. Katika nyanya ile ya sokoni mna mambo matatu. La kwanza ni tunda, nalo ni mali ya mkulima kabisa. Aliuze kwa bei apendayo. La pili ni kazi yake: kuchagua, kukausha, kutunza, na pia jina lake jema, la mtu ambaye nyanya za chini ya fungu ni sawa na za juu. Hayo nayo ni yake, na ni halali alipwe. La tatu ni ule uwezo wa mbegu kuota na kuzaa tena. Huo hakuufanya yeye wala jirani. Aliupokea ukiwa umekwisha kuwapo, naye anaupisha mikononi mwake kama mtu apishaye ndoo katika mstari wa wazima moto. Jambo kama hilo wazee wetu waliliita amana. Aliyewekewa amana aweza kupewa ujira wa kuitunza, lakini hawezi kusema ni yake.

Mgawanyo huu watusaidia hata katika mambo ya sheria, ambayo siku hizi yana maneno mengi. Nchi yetu ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na shabaha yake ni mbegu ziuzwazo ziwe zimekaguliwa, kwa sababu wako wadanganyifu wanaotia rangi takataka na kuziita mbegu. Hilo ni jema, maana aliyeuziwa mbegu mbovu hupoteza fedha na mwaka mzima pia. Iko tena sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea; na mwaka 2015 Tanzania iliingia katika umoja wa mataifa yanayolinda haki hizo. Hili nalo lina sababu yake: atumiaye miaka mingi kutafuta aina mpya alipwe kazi yake. Lakini kazi ikiisha kulipwa, mtu asiendelee kutoza ushuru juu ya kuota kwenyewe. Huko Kenya sheria ya mwaka 2012 iliwatishia kifungo na faini kubwa wakulima waliouziana au kubadilishana mbegu zisizoandikishwa. Wakulima wadogo waliipeleka sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Na katika mkataba wa mataifa juu ya mimea ya chakula, uliopitishwa mwaka 2001, kifungu cha 9 kinataja kazi ya wakulima wa vizazi vyote na haki zao juu ya mbegu walizozitunza.

Wala tusiseme kwamba kila mtaalamu wa mbegu ni adui wa mkulima. Nyanya iitwayo Marglobe, ambayo wengi wa wazee waliilima, ilitolewa mwaka 1925 na idara ya kilimo ya Marekani, na kila mtu akaruhusiwa kutunza mbegu zake. Hapa kwetu Tengeru, karibu na Arusha, zilitolewa aina mbili katika mwaka 1997, Tanya na Tengeru 97, na hizo nazo si chotara: mkulima aweza kukamua mbegu na kupanda tena. Waliofanya kazi hiyo walilipwa mshahara, na mbegu ikaenda zake. Huo ndio mfano wa kazi kulipwa bila amana kufungwa. Na mwenye kununua chotara kwa hiari yake, akijua, hana kosa, wala mwenye kumwuzia. Kosa ni kumwuzia mtu mbegu zilizokamuliwa katika tunda la chotara na kumwambia zitazaa kama mama yao. Huo ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi: miezi mitatu tu shamba litamsema.

Maana ya amana ilionekana wazi katika mji wa Leningrad, Urusi. Huko Nikolai Vavilov alikuwa amekusanya mbegu kutoka pande nyingi za dunia. Hata Uhabeshi alifika, mwaka 1927. Vita vilipokuja, mji ulizingirwa siku 872, kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Katika nyumba ile ya mbegu mlikuwa na mpunga, ngano, njugu na viazi. Watunzaji hawakuvila. Kadhaa wao walikufa njaa karibu na magunia yaliyojaa. Vavilov mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amefungwa na serikali yake, akafa gerezani Saratov Januari 1943. Hatusemi kwamba kila mtu yampasa kufa karibu na gunia; hilo ni jambo zito, nasi tulikumbuke kwa unyenyekevu. Twasema hivi: kama mbegu zile zingekuwa mali yao, hakuna ambaye angewalaumu kwa kuzila. Waliziacha kwa sababu walijua ni za watu ambao hawajazaliwa.

Turudi Mbegani. Mkulima wetu afanye nini? Twaona hivi: ampe jirani mbegu. Ampe chache, za kutosha tuta moja, na amwonyeshe kazi yake. Si vibaya akimwomba jirani amsaidie siku mbili kupalilia, maana huo ni ujira wa ujuzi wake. Si vibaya kusema, "Ngoja nivune kwanza, nitakupa mwisho wa msimu." Lakini asiseme "sina" naye anazo, wala asimpe kwa siri zilizokwisha kufa. Afadhali mtu akatae kwa uwazi kuliko atoe kwa hila.

Naye jirani ana deni. Kwanza, asizichanganye mbegu na nyingine na kuharibu jina la jamii ile. Pili, asikimbilie kumharibia mwenzake bei kwa wanunuzi walewale. Liko soko la Bagamoyo, na wako wanunuzi wengine barabara yote hata Bunju. Wagawane kwa kusemezana. Tatu, akiona mdudu au mnyauko shambani mwake, aseme mapema na kung'oa, maana ugonjwa hautazami mpaka. Nne, na hili ni kubwa, siku mwenzake atakapopotewa na mbegu zake, amrudishie bila kuhesabu.

Hilo la nne hutokea. Masika moja mabaya yaweza kuondoa bustani, panya mmoja aweza kuondoa chupa. Mtu aliyezificha mbegu zake peke yake, siku hiyo hana pa kwenda. Aliyezigawa ana ghala katika nyumba tano. Lakini tusimpe mtu sababu hii tu, asije akatoa kwa ajili ya faida, na siku asipoiona faida akaacha. Bei yaweza kushuka, na karo yaweza kupungua mwaka huo. Haki haikuahidi kwamba haitakuwa na gharama. Atoe kwa sababu alipewa.

Basi, ndugu msomaji, masika yakiisha na miche ikianza kuzaa katika miezi ya baridi, chagua mche wako mmoja ulio bora, uufunge kitambaa, uache matunda yake yaive. Utakapozianika mbegu, zigawe katika karatasi tatu: moja yako, moja ya yule jirani ambaye amekwisha kukuomba, na moja ya mtu ambaye bado hajaja. Andika juu ya kila moja jina la nyanya, na mwaka, na jina la mtu aliyekupa wewe.